Nguru na dagaa ndani ya jedwali: namna ya kuiga mla na mliwa kwa kompyuta

Mwezi ukiingia giza, taa huwaka baharini usiku kucha, na alfajiri ndoo za dagaa hufurika madikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki. Katika vijiji vya Kama na Mangapwani, pwani ya Unguja, maji ya chumvi yanakuwa yameshachemka, dagaa watiwe, watolewe, waanikwe. Nguru naye huletwa, lakini mmoja mmoja, na bei yake si ya kila mfuko. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano aliniuliza: "Mwalimu, ikiwa dagaa ni chakula cha nguru, na dagaa wapo tele, mbona nguru hawaongezeki?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba nguru wanavuliwa kupita kiasi. Jibu lile lina ukweli ndani yake, ila lilikuwa jepesi mno kwa swali zito kama lile. Wiki mbili baadaye nilirudi darasani na kompyuta moja ya mkononi, tukaijenga bahari ndogo ndani ya jedwali, na jibu tulilolipata sikulitarajia. Nimeandika hapa jinsi tulivyofanya, hatua kwa hatua, ili mwalimu au mwanafunzi yeyote aweze kurudia. Huhitaji kujua kuandika programu. Excel inatosha, na LibreOffice Calc ambayo ni ya bure inatosha vilevile. Hata simu itafanya kazi, ingawa grafu zake huwa ndogo kwa macho ya darasa zima.

Kwanza, kanuni nne

Kabla ya kuwasha kompyuta, sema kwa maneno nini kinatokea baharini kila wiki. Mambo ni manne tu. Dagaa huzaana. Dagaa huliwa na nguru. Nguru aliyekula hukua na kuzaa. Nguru hufa.

Sasa kila jambo lipe namba. Namba nitakazotumia si vipimo vya bahari yetu. Nimezichagua ili hesabu zikae sawa na mtu aweze kuzikagua kwa kalamu. Chukulia tunapima uzito, tani za mfano.

Kuzaana kwa dagaa: 0.1. Maana yake dagaa wasipoguswa huongezeka asilimia 10 kila wiki.

Kuliwa: 0.005. Namba hii huzidishwa na dagaa na nguru kwa pamoja, kwa sababu dagaa huliwa pale wanapokutana na nguru. Dagaa wakiwa maradufu, kukutana ni maradufu. Nguru wakiwa maradufu, vivyo hivyo.

Faida ya nguru: 0.0005. Tazama kwamba ni sehemu ya kumi ya ile ya juu. Tani kumi za dagaa zinazoliwa zinatoa tani moja ya nguru, na zilizobaki huishia katika kuogelea, kupumua na kinyesi. Uwiano huo wa moja kwa kumi ndio makadirio ya kawaida katika vitabu vya ikolojia.

Kufa kwa nguru: 0.05, yaani asilimia 5 kwa wiki asipopata chakula.

Kanuni hizi hazikubuniwa na mimi. Alfred Lotka alizichapisha Marekani mwaka 1925, na mwaka 1926 mwanahisabati Mtaliano Vito Volterra akazifikia kwa njia yake mwenyewe, kwa sababu ya swali la samaki. Nitalirudia swali lake mbele, maana ni ndugu wa swali la mwanafunzi wangu.

Pili, fanya wiki tatu kwa kalamu

Usiiruke hatua hii. Anayeanza na kompyuta moja kwa moja hajui kama mashine imemtii au imempotosha.

Anza na dagaa 120 na nguru 20. Dagaa wanaozaliwa ni 0.1 × 120, yaani 12. Wanaoliwa ni 0.005 × 120 × 20, nao ni 12. Kwa hiyo wiki ya kwanza dagaa wanabaki 120. Nguru wanapata 0.0005 × 120 × 20, yaani 1.2, na wanapoteza 0.05 × 20, yaani 1. Nguru wanakuwa 20.2.

Wiki ya pili utapata dagaa 119.88 na nguru 20.402. Wiki ya tatu, dagaa 119.64 na nguru 20.60. Ukipata tofauti, umesahau kitu, na mara nyingi kilichosahauliwa ni kutumia namba za wiki iliyopita katika hesabu zote mbili. Waswahili husema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Katika hesabu hii mambo yamegeuka: alichokula nguru wiki iliyopita ndicho kinachoonekana kwenye mwili wake wiki hii. Nguru kuongezeka baada ya chakula, si pamoja nacho, ndiko kunakozaa mawimbi utakayoyaona.

Tatu, jenga jedwali

Fungua ukurasa mtupu. Kwenye safu A andika majina, kwenye safu B namba zake:

B1: 0.1 (kuzaana kwa dagaa)
B2: 0.005 (kuliwa)
B3: 0.0005 (faida ya nguru)
B4: 0.05 (kufa kwa nguru)
B5: 0 (uvuvi wa dagaa)
B6: 0 (uvuvi wa nguru)

B7 na B8 ziache tupu kwa sasa, tutazihitaji. Mstari wa 9 andika vichwa: Wiki, Dagaa, Nguru. Mstari wa 10 andika 0, 120, 20. Kisha mstari wa 11:

A11: =A10+1
B11: =B10+$B$1*B10-$B$2*B10*C10-$B$5*B10
C11: =C10+$B$3*B10*C10-$B$4*C10-$B$6*C10

Alama ya dola inafunga kisanduku kisihame unapoburuta fomula kwenda chini. Wanafunzi wengi hukwama hapa: wanaacha dola, na mstari wa 12 unaanza kutafuta kiwango cha kuzaana ndani ya B2. Ukiona dagaa wanatoweka au wanalipuka mara moja, kagua dola kwanza. Na kama kompyuta yako inakataa nukta ya desimali, mipangilio yake inatumia mkato. Badilisha mipangilio, usibadilishe fomula.

Buruta mstari wa 11 hadi wa 410. Una wiki 400. Linganisha mistari mitatu ya mwanzo na karatasi yako. Zikilingana, endelea.

Nne, chora

Chora grafu mbili. Ya kwanza ni ya mistari: wiki chini, dagaa na nguru juu. Utaona mawimbi mawili yanayofukuzana. Dagaa wanateremka, nguru wanapanda hadi karibu 23, kisha nguru nao wanakosa chakula na kuteremka, na dagaa wanapata nafasi ya kuinuka. Mzunguko mmoja unachukua karibu wiki 89. Kilele cha nguru huja karibu robo ya mzunguko baada ya kilele cha dagaa, yaani wiki 22 hivi. Mvuvi anayeona nguru wengi leo anaona matunda ya dagaa wa miezi mitano iliyopita.

Grafu ya pili ni ya nukta: dagaa kwenye mhimili wa chini, nguru kwenye mhimili wa wima. Hapa wiki hazionekani tena. Unaona njia tu, inayozunguka kinyume na mwendo wa saa. Mimi hii ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu inakuonyesha kosa ambalo grafu ya kwanza inaweza kulificha.

Tano, kosa ambalo kompyuta inalificha

Tazama vizuri ile njia ya nukta. Haifungi. Kila mzunguko ni mpana kuliko uliotangulia, kama kamba inayofunguka kutoka kwenye lundo lake. Siku ya kwanza niliwaambia wanafunzi kwamba ndivyo maumbile yalivyo, kwamba mla na mliwa wakiachwa huyumba zaidi na zaidi. Niliwafundisha kosa, na ilinibidi wiki iliyofuata nisimame mbele yao nikalifute.

Kanuni za Lotka na Volterra zenyewe zinasema njia inafunga: unarudi palepale ulipoanza, daima. Kinachofunguka ni hesabu yetu. Tumeruka wiki nzima kwa hatua moja, tukachukulia kwamba kwa siku saba nguru wanakula kwa kasi ileile ya siku ya kwanza. Ni sawa na kukata kona kwa mstari mnyoofu: kila kona unatoka nje kidogo. Kwa namba hizi mtikisiko unakua karibu asilimia 25 kila mzunguko, na baada ya mizunguko mitatu unakaribia kuwa maradufu. Hakuna samaki hata mmoja aliyehusika.

Dawa ya kwanza ni kufupisha hatua. Gawa kwa mbili B1, B3 na B4, pia B2, na kila mstari uwe nusu wiki. Ukuaji ule wa uongo unashuka hadi karibu asilimia 12 kwa mzunguko. Kosa limepungua nusu, lakini mistari imeongezeka maradufu.

Dawa ya pili ni nzuri zaidi na haina gharama. Rudisha B1 hadi B4 kama zilivyokuwa, kisha kwenye C11, badilisha B10 iwe B11:

C11: =C10+$B$3*B11*C10-$B$4*C10-$B$6*C10

Yaani hesabu dagaa wapya kwanza, kisha nguru wale kutokana na hao wapya. Buruta tena hadi chini. Mwanzoni huoni tofauti: wiki ya pili nguru wanakuwa 20.401 badala ya 20.402. Lakini tazama njia ya nukta sasa. Imefunga. Pete inabaki pete kwa wiki zote 400. Tofauti ya tarakimu moja katika fomula, na bahari imetulia.

Nimekaa sana kwenye hatua hii kwa makusudi. Kila unapoona picha ya kutisha au ya kupendeza kutoka kwenye uigaji wowote, wa samaki, wa maradhi au wa hali ya hewa, jaribu kupunguza hatua ya muda kwa nusu. Picha ikibadilika sana, ulichokiona hakikuwa baharini.

Sita, tia uvuvi

Sasa turudi kwa Volterra. Mkwe wake, Umberto D'Ancona, alikuwa mtaalamu wa viumbe wa baharini, akichunguza rekodi za masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatic kabla, wakati na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika soko la Fiume, mji ambao leo unaitwa Rijeka, sehemu ya papa na samaki wengine walao samaki katika mavuno yote ilikuwa asilimia 11.9 mwaka 1914. Mwaka 1918 ilifika asilimia 36.4. Mwaka 1923 ilikuwa imerudi asilimia 10.7. Wakati wa vita uvuvi ulipungua, na waliofaidika zaidi walikuwa walaji, si waliwao. D'Ancona alishindwa kueleza kwa nini, akampelekea baba mkwe wake.

Fanya jaribio hilo kwenye jedwali lako. Uvuvi ukiwa sifuri, chukua wastani wa mizunguko minne kamili, mistari 356: =AVERAGE(B10:B365) kwa dagaa, na vivyo hivyo kwa safu C. Utapata karibu 100 na 20. Nguru ni asilimia 16.7 ya samaki wote.

Sasa andika 0.02 kwenye B5 na B6 zote mbili: wavuvi wanachukua asilimia 2 ya kila aina kila wiki, bila upendeleo. Mzunguko umefupika kuwa karibu wiki 84, kwa hiyo chukua wastani wa mistari 336. Dagaa wamekuwa karibu 140. Nguru wamekuwa karibu 16, yaani asilimia 10.3.

Soma tena. Tumevua dagaa, na dagaa wameongezeka.

Sababu ni kwamba nguru anaumia mara mbili. Nyavu zinamchukua yeye mwenyewe, na zinachukua chakula chake. Dagaa anaumia mara moja, huku adui yake akipungua. Ukiacha kuvua, kama Adriatic wakati wa vita, mambo yanageuka.

Saba, bahari ina mpaka

Mpaka sasa dagaa wasiokuwa na nguru wangeongezeka bila kikomo, jambo lisilowezekana: chakula chao kina ukomo. Weka 400 kwenye B7, kiasi cha juu ambacho bahari yetu ndogo inaweza kubeba, na ubadilishe dagaa:

B11: =B10+$B$1*B10*(1-B10/$B$7)-$B$2*B10*C10-$B$5*B10

Rudisha B5 na B6 kuwa sifuri. Mawimbi sasa yanafifia. Kila mzunguko unabaki na karibu robo ya mtikisiko wa uliotangulia, hadi dagaa wanatulia 100 na nguru 15. Huu ni mfano wa kuaminika zaidi, na ndio niliotumia kumjibu mwanafunzi wangu.

Weka 0.02 pande zote mbili: dagaa 140, nguru 9. Weka 0.06 pande zote mbili na usubiri hadi mwisho wa wiki 400. Nguru wanaisha kabisa. Dagaa? 160. Bado ni wengi kuliko walivyokuwa kabla ya mtu yeyote kutupa wavu.

Hapo darasa lilinyamaza. Anayehesabu ndoo za dagaa peke yake, katika bahari hii ya jedwali, angeandika kila mwaka kwamba mambo ni mazuri, na angeendelea kuandika hivyo hadi siku ya nguru wa mwisho.

Kisha fanya jaribio ambalo kwetu sisi lina maana zaidi: B6 sifuri, B5 0.02. Hakuna anayemgusa nguru. Taa na nyavu ni za dagaa tu. Matokeo: dagaa wanatulia palepale 100, kama vile hawavuliwi. Nguru wanashuka kutoka 15 hadi 11. Uvuvi wa dagaa umelipwa wote na nguru. Idadi ya dagaa katika mfano huu inaamuliwa na mahitaji ya nguru, kiasi kinachomtosha asife. Ukivua dagaa, nguru ndio wanaopungua mpaka mizani irudi.

Ukitaka kuikaribia bahari yetu zaidi, kumbuka kwamba dagaa wa taa hawavuliwi kila wiki. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti. Ongeza safu D iitwayo Giza, na kwenye D10 andika:

=IF(MOD(A10,4)<2,0.04,0)

Buruta hadi chini, na kwenye B11 weka D10 mahali pa $B$5. Sasa wiki mbili zinavuliwa asilimia 4, wiki mbili zinapumzishwa, wastani ni uleule asilimia 2. Mstari wa dagaa unapata meno madogo kama ya msumeno. Wa nguru hauna meno, lakini unatulia karibu na 11 uleule. Pumziko la mbalamwezi, kwa hesabu hii, halimsaidii nguru ikiwa wiki za giza zinafidia.

Lazima niseme pia kile ambacho jedwali halisemi. Nguru hali dagaa mchele peke yake. Hula samaki wengine na ngisi. Yeye ni mwogeleaji wa mbali, hakai mbele ya diko moja. Dagaa nao huja na kuondoka na kusi na kaskazi. Kwa hiyo usichukue 11 au 160 ukazipeleka kikaoni kama ushahidi. Unachoweza kuchukua ni mwelekeo: nani anaumia kwanza, na kwa nini.

Nane, shibe

Hatua hii nitaipita upesi, ila usiiache, maana ina mchezo mzuri wa darasani. Mpaka sasa nguru wetu hashibi. Dagaa wakiwa mara kumi, anakula mara kumi. Mwaka 1959 mwanaikolojia C. S. Holling alilichunguza hili kwa kumfunga msaidizi wake kitambaa machoni na kumpa vipande vya karatasi ya msasa avitafute mezani kwa kidole. Sisi tulitumia komwe za bao. Tawanya komwe 5 juu ya dawati, mwanafunzi aliyefungwa macho apapase kwa dakika moja, kila anayoipata aitie kikombeni. Rudia kwa 10, 20, 40, 80. Mwanzoni anazopata zinaongezeka sana, kisha zinagota, kwa sababu muda wote unaishia kwenye kuokota na kutia kikombeni.

Kwenye jedwali, weka 0.005 ndani ya B8, na ugawanye ulaji kwa shibe. Fomula zote mbili hizi hapa kamili:

B11: =B10+$B$1*B10*(1-B10/$B$7)-$B$2*B10*C10/(1+$B$8*B10)-$B$5*B10
C11: =C10+$B$3*B11*C10/(1+$B$8*B11)-$B$4*C10-$B$6*C10

Uvuvi sifuri, B7 ikiwa 400, mambo yanatulia kwenye dagaa 200 na nguru 20. Sasa panua bahari: B7 iwe 800, na urefushe mistari hadi 1000. Mtu angedhani chakula kingi kitaleta utulivu. Badala yake mawimbi yanarudi na hayafifii tena. Mwanaikolojia Michael Rosenzweig alilionya jambo hili mwaka 1971: kumneemesha mliwa kunaweza kuyumbisha wote wawili.

Tisa, wanyama wazima na bahati

Jedwali letu linaruhusu nguru 0.3, na kwa tani za samaki hilo halina ubaya. Kwa mnyama wa kisiwani ni kosa kubwa. Mfikirie chui wa Unguja, ambaye wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka, na paa aliokuwa akiwawinda katika misitu kama Jozani. Huwezi kuwa na thuluthi ya chui.

Nakili ukurasa wako, badilisha vichwa kuwa Paa na Chui, weka 0.02 kwenye B2, B5 na B6 sifuri, B7 400. Anza na paa 120 na chui 4. Fomula mpya:

B11: =MAX(0,INT(B10+$B$1*B10*(1-B10/$B$7)-$B$2*B10*C10+RAND()))
C11: =C10+INT($B$3*B11*C10+RAND())-INT(($B$4+$B$6)*C10+RAND())

Hapa kompyuta inarusha bahati kila wiki: ikitarajiwa kuzaliwa chui 0.2, basi mara moja katika mara tano anazaliwa mmoja mzima, mara nne hazaliwi yeyote. Mfano laini usio na bahati ungekuambia chui 3.75 wanaishi milele. Bonyeza F9, namba zote zinarushwa upya. Fanya hivyo mara 20, na kila mara andika wiki ambayo chui walifika sifuri, au "hawakufika". Sifuri ni mlango usio na kurudi. Kuanzia hapo paa wanapanda hadi 400 na kukaa.

Halafu weka 0.02 kwenye B6, watu wanaowaua chui kidogokidogo, na urudie mara 20 nyingine. Linganisha orodha mbili. Chui wa Unguja hakumalizwa na njaa peke yake: aliogopwa, wazee wakisimulia habari za chui wa kufugwa na wachawi, na aliwindwa, khasa katika kampeni zilizofuata Mapinduzi ya 1964. Waache wanafunzi waone wenyewe mkono mdogo unafanya nini kwenye idadi ndogo.

Kumi, peleka daftari diko

Ukitaka kulinganisha jedwali na bahari, usianze na uzito wa samaki. Anza na juhudi. Andika tarehe, vyombo vingapi vilitoka, vilikaa saa ngapi, halafu ndoo ngapi za dagaa na nguru wangapi. Ndoo 60 kutoka vyombo 10 si sawa na ndoo 60 kutoka vyombo 30, na anayeandika ndoo tu hataijua tofauti hiyo kamwe. Ongeza safu moja ya umri wa mwezi na nyingine ya upepo, kusi au kaskazi. Omba ruhusa kwa mkuu wa diko kabla ya kusimama pale na kalamu, na waeleze wavuvi unachoandika na kwa nini, maana samaki ni riziki yao na namba zile ni zao kabla hazijawa zako.

Katika safu ya mwisho badili vyote kuwa kilo, kisha gawanya nguru kwa jumla ya mavuno, kama D'Ancona alivyofanya kwa Fiume. Mwanafunzi wangu aliyeuliza lile swali sasa anaandika safu hiyo kila Jumamosi.